Wababe wa ziwa, sebuleni

Mwezi uliopita, katika makala ya watoto na simu, nilitaja kwa mstari mmoja tu kwamba sebuleni kwetu kuna tangi la samaki. Mstari huo umeniletea jumbe nyingi kuliko habari yenyewe ya simu, na karibu zote zina swali lile lile: mbona samaki wetu wanauana?

Mama mmoja wa Columbus, Ohio, mzaliwa wa Uvira, anaeleza kuwa mwanawe wa miaka 11 alinunuliwa samaki 9 wa rangi rangi wakati wa Krismasi. Wamebaki 4. Kijana akirudi shule anakwenda kwanza kuhesabu, hata viatu hajavua, na juzi alikataa chakula kwa sababu aliyekutwa akielea alfajiri ndiye aliyempenda kuliko wote. Baba mtu amesema tangi litoke nyumbani kabla ya mwisho wa mwezi. Mwanafunzi aliye Glasgow ana samaki wawili tu, na mmoja anaishi nyuma ya hita, hatoki mpaka taa izimwe. Kaka yetu wa Maskati ameandika mstari mmoja: "Dada, hawa ni samaki au majini?"

Ni samaki, kaka, tena wa kwetu.

Wanaouzwa madukani huku kwa jina la sikilidi wa Afrika ni ukoo mmoja na sato na perege tunaowala kwa ugali. Ukoo huo ni mkubwa, upo hadi Amerika ya Kusini, lakini wale wadogo wenye buluu kali, njano na milia wametoka, wao wenyewe au mababu zao, katika maziwa yetu matatu: Nyasa, Tanganyika na, kwa uchache, Viktoria. Ziwa Nyasa lina mamia ya aina zao ambazo hazipatikani popote pengine duniani, na Tanganyika lina zaidi ya 200. Mimi nimekulia Kigoma. Tukienda kuogelea tulikuwa tukiwaona kwenye mawe, vidogo, vinakimbizana, na hakuna aliyevijali. Kwetu samaki ni dagaa na migebuka, na siku ya neema ni kuhe. Siku nilipoona katika duka la hapa Reading kisamaki cha urefu wa kidole kinauzwa kwa bei ya kilo tatu za nyama, na kibao chake kimeandikwa Kigoma, nilisimama nikacheka peke yangu mpaka muuzaji akaja kuniuliza kama nahitaji msaada.

Ukiangalia vibao hivyo utakutana na kwenu. Kuna wa Ikola, wa Utinta, wa Kasanga, na kutoka Nyasa kuna wa kisiwa cha Hongi. Kuna furu wa Ziwa Viktoria, dume lake lina mgongo mwekundu na milia myeusi ubavuni, ambaye mwaka 1985 wanasayansi walimpa jina la Mwalimu: nyererei. Jina lake la kwanza leo ni Pundamilia, Kiswahili kitupu. Waonyesheni watoto.

Sasa, kwa nini wanapigana. Wengi wa hao wanaouzwa ni samaki wa miambani wa Nyasa, ambao upande wa Malawi huitwa mbuna, na jina hilo limeenea kwa wafugaji dunia nzima. Mbuna hula mwani unaoota juu ya jiwe. Kwa dume, jiwe lake ndilo shamba, ndiyo nyumba, na ndipo mahali pa kumpokea jike anapokuja kutaga. Asipolilinda, hana chakula wala uzao. Basi akimwona dume mwingine, hasa anayefanana naye kwa rangi, anamfukuza. Ziwani jambo hilo huisha kwa sekunde mbili: aliyefukuzwa anakwenda mita chache, anajificha, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake.

Tangini aliyefukuzwa anakutana na kioo. Hana pa kwenda. Yule mwenye jiwe anamwona bado yupo, kwa akili yake huyu ni mkaidi, anamrudia tena. Na tena. Mbio zilizoumbwa ziishe kwa sekunde mbili zinaendelea kutwa nzima, na mnyonge hafi kwa jeraha moja kubwa, anakufa kwa kuchoka. Utamtambua: anakaa kona ya juu karibu na maji yanapoishia, au nyuma ya hita kama wa Glasgow, mapezi ameyabana mwilini, rangi imefifia, mkia umechanika. Akiacha kuja kula, una siku chache tu.

Majike nao wanateseka, ila kwa sababu nyingine. Samaki hawa wa Nyasa huatamia mdomoni. Jike hutaga, huyachukua mayai yake kinywani, na hukaa nayo karibu wiki tatu bila kula kitu cha maana, mpaka vifaranga waweze kuogelea wenyewe. Dume hajali hilo, yeye anaendelea kumsumbua. Ukiwa na dume mmoja na jike mmoja, huyo jike hana maisha. Ndiyo maana wafugaji husema dume mmoja kwa majike watatu au zaidi, ili usumbufu wake ugawanyike.

Nitasema na jambo moja ambalo mimi lilinifungua macho. Kuna samaki wa Ziwa Tanganyika anayeitwa burtoni, si wa kupendeza sana, ambaye amechunguzwa kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Stanford na Russell Fernald na wenzake. Kati ya madume wa burtoni wachache ndio wakubwa, wenye rangi kali na eneo lao. Waliobaki wamepauka kama majike na wanaishi kimya. Mtoe mkubwa, na ndani ya dakika chache mmoja wa wale waliopauka anavaa rangi na kushika nafasi. Alikuwa anangoja tu. Mwaka 2007 timu hiyo ilichapisha katika jarida la Nature jaribio jingine. Samaki mmoja aliwekwa atazame wenzake watano wakipigana wawili wawili, wa kwanza akamshinda wa pili, wa pili akamshinda wa tatu, hivyo hivyo hadi wa tano. Kisha akaachwa na wawili ambao hakuwahi kuwaona wakipambana wao kwa wao, wa pili na wa nne. Akasogea upande wa yule mnyonge zaidi. Alikuwa amepiga hesabu mwenyewe nani mkubwa kwa nani.

Kwa hiyo unapotazama tangi lako na kuona vurugu, jua kwamba wao wanaona orodha. Kila mmoja anajua nafasi yake na ya jirani yake. Na ukimtoa mbabe wa leo bila kubadilisha kitu kingine, huenda kesho ukawa na mwingine.

Hayo nimeyaona kwangu. Tangi letu lina lita 240 na urefu wa sentimita 120. Tulirithi kwa jirani, Msomali mmoja mstaarabu aliyehamia Uskoti na hakuweza kulibeba. Alituachia pamoja na mawe yake, chujio lake na samaki wake wote. Miongoni mwao alikuwemo mmoja wa buluu iliyopauka, mwenye milia, mtulivu, ambaye kitinda mimba wangu, binti wa miaka 8, alimwita Malkia. Malkia alikuwa akimwona binti anaingia sebuleni tu, huyo kwenye kioo. Alikula vidoleni mwake.

Baada ya miezi kama mitatu Malkia akaanza kubadilika. Buluu ikaondoka kidogo kidogo, akawa njano tupu kama ganda la ndizi. Hapo ikajulikana kwamba ni lombardoi, ambaye dukani huitwa kenyi. Katika aina hiyo watoto na majike ni wa buluu, na dume akikomaa huwa njano. Malkia alikuwa mfalme. Watu wengi hununua mmoja wa buluu na mmoja wa njano wakidhani wamepata aina mbili tofauti, kumbe wameozesha.

Katika tangi walikuwemo pia sita wa njano wapole, wa aina iitwayo caeruleus, neno la Kilatini lenye maana ya buluu, msiniulize. Ni samaki wema, wanaofaa kwa anayeanza. Lakini dume la kenyi lililovaa njano likitazama huku na huku linaona nini? Linaona wapinzani sita waliovaa sare yake. Ndani ya siku 9 wawili walikuwa wamekufa.

Tulijaribu yanayojaribiwa. Kwanza tulitoa mawe yote na kuyapanga upya, kwa sababu dume asiyelitambua eneo lake hana cha kulinda, anaanza moja kama wengine. Tukapata siku tano za amani. Kisha tukamtia ndani ya kikapu cha plastiki chenye matundu, humo humo tangini, siku nne. Maji anayapata, wenzake anawaona, ila hawezi kuwafikia. Lengo ni wengine wagawane nafasi, naye akitoka awe mgeni. Ilisaidia wiki moja. Wiki ya pili alikuwa amerudi kileleni, na safari hii alimchagua mmoja, mdogo kuliko wote, akamfuata yeye peke yake.

Baba yao akasema aondoke. Binti akalia. "Kwa nini aondoke Malkia? Hata yeye hapa ni kwake." Jamani, sisi tunaoishi ugenini neno hilo halipiti sikioni hivi hivi. Sikumjibu siku ile. Nilimpa karatasi na kalamu, nikamwambia kila jioni akae mbele ya tangi dakika 10 na atie alama kila Malkia anapomfukuza mwenzake. Jioni ya kwanza zilikuwa alama 31. Ya pili 44. Ya tatu hakumaliza dakika zake. Aliweka kalamu chini akaja jikoni, akasema, "Mama, yule mdogo hajala tangu juzi."

Tulimpata mfugaji mmoja wa mji wa jirani mwenye tangi la lita 600 na mbuna wakubwa wenye vichwa vigumu, ambao Malkia kwao si kitu. Binti ndiye aliyembeba kwenye ndoo, kifuniko kikiwa wazi nusu, njia nzima anamsemesha. Alimpa yule bwana na kijikaratasi: anapenda kulishwa upande wa kushoto. Yule mdogo alianza kula siku ya tatu. Dume mmoja wa buluu alijaribu kuvaa ukubwa, lakini yeye hukimbiza akafika kwenye jiwe lake akarudi. Kwa huyo tunaweza kuishi.

Karatasi ile ya alama nawashauri wote. Kufukuzana kidogo ni maisha yao ya kila siku, na tangi la sikilidi lisilo na mbio kabisa huenda lina wagonjwa. Unachotafuta ni mmoja anayefukuza kila mtu bila kupumzika, au mmoja anayefukuzwa na wote. Ukiwa na namba huhitaji kubishana na mtu.

Yanayosaidia, kwa uzoefu wangu na wa wafugaji wengi, yanaanza kabla hujanunua. Chumba cha chini ni muhimu kuliko kimo: tangi refu na pana linampa mnyonge nafasi, tangi la kusimama kama kabati halimsaidii, maana hawagombei maji ya juu. Kwa mbuna, chini ya lita 200 mimi siwashauri. Usichanganye wanaofanana kwa rangi au umbo. Mawe yawe mengi, yapangwe mafungu mafungu hadi karibu na juu, yawe na mapango yenye njia mbili, na muhimu zaidi yakate macho, ili aliye upande huu asimwone aliye ule. Samaki asiyeonekana hafukuzwi. Mawe yakae juu ya kioo cha chini kabla hujamwaga mchanga, kwani hawa wachimbaji, wanaweza kuchimba chini ya jiwe likaanguka na kupasua kioo.

Halafu kuna jambo linalowashangaza watu: mbuna huwekwa wengi. Ukiwa na sita, mbabe anamjua kila mmoja na anapata muda wa kumshughulikia. Ukiwa na 20 katika lita 240 anapotelewa; akimkimbiza huyu, yule amepita. Kuna mbuna mdogo wa buluu iliyokolea mwenye milia, demasoni, kutoka miamba ya Pombo upande wa Tanzania wa Ziwa Nyasa, ambaye dume na jike wanafanana kabisa, na kwa hiyo kila mmoja anamwona mwenzake mpinzani. Huyo watu humfuga kuanzia 12 kwenda juu, ama sivyo anabaki mmoja. Lakini msongamano huo una gharama yake: chujio lenye nguvu mara mbili ya linaloandikwa kwenye boksi, na kubadilisha karibu nusu ya maji kila wiki bila kukosa. Usiuanze katika tangi jipya. Bakteria wanaosafisha amonia ya kinyesi huchukua wiki nne hadi sita kujijenga ndani ya chujio.

Wageni waingie kadhaa kwa pamoja, jioni, taa ikiwa imezimwa, na mawe yakiwa yamehamishwa siku hiyo hiyo. Chakula kinyunyizwe pande zote mbili kwa wakati mmoja, kidogo kidogo, ili mkubwa asikikalie. Mbuna wapewe chakula cha majani, cha mwani wa spirulina, sio minofu. Matumbo yao marefu hayakuumbwa kwa nyama, na wakivimba tumbo mara nyingi hawaponi.

Msichanganye samaki wa maziwa tofauti kwa kupendezwa na rangi tu. Wa Tanganyika wengi hawawezi vurugu za mbuna. Wapo na wenye ubabe wa aina yao. Kuna mmoja mrembo sana, rangi ya maziwa na mapezi yaliyochongoka kama mkasi, anaitwa brichardi, kwa jina la Pierre Brichard aliyekuwa akisafirisha samaki kutoka Burundi. Madukani humwita binti mfalme wa Burundi. Hawa huishi kiukoo. Wazazi wakizaa tena, watoto wa kwanza hawaondoki, wanabaki kulinda na kulea wadogo zao, kama kwetu kabisa, dada mkubwa na mtoto mgongoni. Inapendeza kutazama. Ila ukoo ukikua, jirani hapewi hata nafasi ya kupiga hodi. Utakuta samaki wengine wote wamebanwa kona moja ya juu. Brichardi wape tangi lao peke yao.

Kaka wa Maskati, swali langu kwako ni kipimajoto kinasoma ngapi. Samaki hawa wanataka nyuzi 24 hadi 28. Mkisafiri mkazima kiyoyozi wakati wa kiangazi, maji yatapita 30, na maji ya moto hubeba hewa kidogo huku mwili wa samaki ukihitaji hewa zaidi. Wanakuwa na hasira na pumzi fupi kwa pamoja. Weka feni ndogo ipulize juu ya maji, ongeza pampu ya hewa, punguza saa za taa, na lenga nyuzi 25. Maji yako ya bomba yatakuwa ya bahari iliyosafishwa, kwa hiyo pima ugumu wake kabla hujaamini kwamba ni ya ziwa.

Mdogo wangu wa Glasgow, wewe una habari mbili. Ya kwanza: wawili ndiyo hesabu mbaya kuliko zote, kwa sababu hasira yote ya mmoja inamwangukia mmoja. Leo hii, sio Jumamosi, kata karatasi ngumu ya plastiki yenye matundu uwatenganishe. Kisha mmoja atafutiwe kwake. Ya pili: maji ya Glasgow ni laini sana, yanatoka Loch Katrine, tofauti na haya yetu ya Reading yanayoacha chokaa kwenye birika. Samaki wa maziwa yetu wamezoea maji magumu yenye chumvichumvi za mawe. Tanganyika pH yake hufika 9. Mfuko mdogo wa matumbawe yaliyosagwa ndani ya chujio utayapandisha polepole. Na soma mkataba wa chumba chako kuhusu wanyama kabla msimamizi hajakusomea.

Sasa nije kwako, mama wa Columbus. Picha uliyonitumia inaonyesha watatu wa njano wenye mistari myeusi na mmoja mweusi. Hao ni auratus, wote wanne aina moja. Yule mweusi ni dume. Naye alikuwa na mistari ya njano alipokuwa mtoto, ndiyo maana mnadhani mlinunua samaki wengine. Auratus ni katika mbuna wakali kuliko wote wanaouzwa, na dukani akiwa na sentimita 4 anaonekana malaika. Tangi lenu la galoni 29 ni kama lita 110. Ndani ya nafasi hiyo hakuna mpangilio wa mawe utakaomtuliza, na hao watatu, mmoja wao akiwa dume changa, atageuka mweusi baada ya mkubwa kuondoka. Uliza dukani mlikowanunua kama watawapokea. Maduka mengi hupokea na kukupa punguzo la kununulia kitu kingine. Msiwamwage mtoni wala katika bwawa la bustani ya mji, hata kwa huruma. Kule Florida mifereji imejaa sikilidi waliotupwa au kutoroka, na samaki wenyeji ndio wanaolipa.

Halafu mwambie baba tangi libaki. Kuna samaki anayefaa lita hizo, na anatoka ziwa lenu hilo hilo: multifasciatus, hafiki sentimita 5, anaishi ndani ya makombe matupu ya konokono chini ya Ziwa Tanganyika. Anzeni na 6 au 8. Wawekeeni mchanga laini wa sentimita 5 na makombe 20 hivi; yale ya konokono wa mapishi ya Kifaransa yanatosha, wayachemshe kwanza. Nao wanagombana, lakini mipaka yao ni ya upana wa kiganja, na aliyeshindwa ana kombe lake la kuingia. Watachimba, watahamisha mchanga kwa mdomo, watapanga makombe wapendavyo wao. Mwachie kijana kazi ya kupima maji mara moja kwa wiki na kuandika. Miezi michache ikipita, akikaa kimya mbele ya kioo ataona vichwa vidogo kama punje za mchele vinachungulia kwenye midomo ya makombe. Avihesabu hivyo, na unitumie idadi.